Namna ya kumtafuta babu aliyefyeka pori, pamoja na wote aliokuja nao

Kwetu Sengerema ukiuliza nani alianzisha mji wetu, yaani kaya yetu, utatajiwa babu yangu mzaa baba. Alitoka Kwimba baada ya vita vya Hitler, akavuka ghuba ya Mwanza ya Ziwa Victoria, akafyeka pori lililojaa mbung'o, akalima mihogo na pamba. Hadithi inaishia hapo, na kila msiba inarudiwa vilevile. Nilipoamua kuiandika, miaka sita iliyopita, nilidhani ingekuwa kazi ya Jumamosi mbili. Mwishowe nikampata mke wake ambaye hakuna aliyekuwa akimtaja. Naandika hapa njia nilizopita, kwa mwenye babu wa namna hiyo ambaye bado ana mzee mmoja au wawili wa kuwauliza.

Anza na hao wazee, na uanze wiki hii. Karatasi zinaweza kukusubiri, mzee wa miaka tisini hawezi.

Mimi nilianza na bibi Nyanzala, dada mdogo wa babu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumuuliza walihamia mwaka gani. Akanyamaza, akaona aibu, na siku ile ikapotea bure. Mzee ambaye hakusoma usimdai tarehe. Mfikie kwa matukio: mlikuja treni ikiwa tayari inafika Mwanza? Reli ilifika mwaka 1928, kwa hiyo jibu la ndiyo au hapana tayari limekupa mpaka. Vijana walikuwa wamerudi kutoka vita vya Burma? Uhuru ulimkuta na watoto wangapi? Ziwa lilipopanda, nyumba ilikuwa wapi? Hili la ziwa ni la thamani sana kwa sisi wa ufukweni. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua zilikuwa kubwa mno na maji ya ziwa yakapanda zaidi ya mita mbili. Mashamba na miji ya kando ya maji ikazama, na kila mzee aliyekuwa na akili zake wakati ule anakumbuka alilala wapi.

Majina nayo ni kalenda. Mabula alizaliwa wakati wa mvua. Nyanzala ni binti wa njaa, na nzala kwa Kisukuma ni njaa. Bibi yangu aliambiwa na mama yake kwamba njaa yake ilikuwa ile ya nzige, na nzige walilisumbua eneo letu miaka ya mwanzo ya 1930. Basi nikajua kwamba walipovuka alikuwa msichana mkubwa, si mtoto wa mgongoni, na kwamba aliyonisimulia aliyaona kwa macho yake. Ukikutana na Kulwa bila Doto, uliza kwa upole Doto alikwenda wapi. Ndivyo nilivyojua kuhusu watoto wawili waliozikwa mwaka wa kwanza.

Nenda jioni, baada ya kula. Beba sukari na sabuni, shikamoo yako iwe ya kupiga goti, na simu ya kurekodi uiombee ruhusa kisha uilaze chini kifudifudi ili isiwe kama jicho linalomkodolea. Kama Kisukuma chako ni cha kuungaunga kama changu, kaa na mtu anayekijua, maana mzee akihamia lugha yake ndipo mambo yenyewe huanza kutoka.

Ukiona mazungumzo yamekauka, uliza habari za ng'ombe. Watu wetu wanaweza kusahau jina la mjomba wasisahau rangi ya ng'ombe wa mahari. Uliza ng'ombe waliotolewa kumwoa bibi fulani walitoka kwa nani, waliishia kwa nani, wangapi walirudishwa. Kila ng'ombe anafunga familia mbili. Kwa njia hiyo nilipata koo tatu za Kwimba ambazo zilikuwa zimepotea kabisa kwenye hadithi ya babu. Nikapata pia ubishi ambao sijautatua: marehemu baba alikuwa akisema ng'ombe walivushwa kwa kivuko cha Kigongo kwenda Busisi, bibi anasema walizungushwa kwa miguu kupitia kusini, kwenye mkia wa ghuba, na babu akawafuata siku nyingi baadaye. Nimeandika yote mawili. Usichague upande kwa sababu mmoja unapendeza zaidi.

Halafu waulize na wenyeji. Babu anaitwa mtu wa kwanza, lakini hii ni nchi ya Wazinza, na Wasukuma walikuja wakaikuta ina watemi wake, mashamba yake na makaburi yake. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kupunguza watu na mifugo Usukumani: ilifyeka mapori, ikachimba malambo na kuhimiza watu wahamie upande wa Geita. Babu alikuwa mmoja wa wimbi hilo. Mzee mmoja Mzinza, jirani yetu, alinionyesha mti ambao chini yake babu alionyeshwa eneo la kulima. Kwenye hadithi yetu ya msibani mti huo haupo, kwa sababu ndani yake babu hakupewa ardhi na mtu, aliikuta tu. Nilisikia uchungu kuifuta sentensi ile ya zamani, lakini niliifuta.

Sasa karatasi. Kwa familia zilizopita kwa Wakatoliki, kitabu cha ubatizo ni hazina kuliko zote. Wamisionari wa Afrika walifungua misheni ya Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883, kwa hiyo kanda hii ina vitabu vya zamani kweli. Kitabu hubaki kwenye parokia ulikofanyika ubatizo, hata kama kigango, yaani kituo kidogo chini ya parokia, baadaye kimekuwa parokia yenyewe, au jimbo limegawanywa. Jimbo la Geita lenyewe lilizaliwa mwaka 1984 kutoka Mwanza. Nenda na barua ya paroko wako, au angalau mtu wa kukutambulisha, na ueleze unamtafuta nani. Uwe na majina yote ya utoto, si jina la Kikristo tu.

Vitabu vya zamani viliandikwa kwa Kilatini, lakini usiogope, maneno ni machache na yanajirudia. Filius ni mtoto wa kiume, filia ni wa kike, natus ni amezaliwa, circa maana yake ni kama, yaani padre alikadiria mwaka. Soma hadi pembeni: ukingoni mwa ukurasa huandikwa baadaye mtu alifunga ndoa wapi na nani. Nilimpata baba yangu kwenye ukurasa wenye doa la maji, wino wa bluu uliofifia ukawa kama zambarau. Alibatizwa akiwa mwanafunzi, natus circa 1949. Jina la baba, sawasawa. Jina la mama halikuwa la bibi niliyemjua, aliyenilea, aliyenifundisha kusonga ugali.

Nilisoma mstari ule mara nne nikiwa nimeuwekea kidole.

Ukipata jambo kama hilo, usilitangaze kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Rudi kwa mzee aliyekuwepo, mkiwa wawili. Nilimtajia bibi Nyanzala lile jina tu, sikuongeza neno. Alikaa kimya muda mrefu, akajifunga kanga upya, akasema, "Huyo ndiye aliyebeba jiwe."

Alikuwa mke wa kwanza wa babu. Alivuka na jiwe dogo la kusagia kichwani, lile la kushika mkononi, kwa sababu mama yake alimwambia jiwe kubwa utalikuta popote, dogo lililozoea mkono wako hutalipata. Alifyeka pori naye akiwa na mimba. Alifariki kabla baba hajaanza kutembea, na mke wa pili akamchukua mtoto akamfanya wake. Kwa heshima ya yule wa pili, watu waliacha kumtaja wa kwanza. Hakuna aliyedanganya, ila jina lilikuwa linakaribia kufa.

Karatasi nyingine nitazipitia haraka. Tafuta stakabadhi za kodi na za pamba, ambazo wazee waliziweka kwenye masanduku ya bati. Za miaka ya 1950 za upande wetu zitasema Geita na Lake Province, usitafute neno Sengerema. Zipige picha kwenye mwanga wa mchana, kisha zirudishe kwenye bahasha kavu. Usizilaminishe. Nilipeleka stakabadhi moja ya babu kwenye duka la steshenari, mashine ikaikunja na kuibana milele na mikunjo yake, na namba ya uanachama wa ushirika ikapotea. Ukiwa na safari ya Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa zina vitabu vya wilaya walivyoandika maofisa wa Kiingereza. Humo hutamwona babu yako kwa jina, ila utaona mambo ya watemi na mipaka.

Mwisho nenda mahali penyewe. Kumbuka kijiji cha leo huenda si mahali alipofikia: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu wengi, kwa hiyo mwombe mzee akupeleke kwenye mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa. Angalia minyaa iliyopandwa kwa mstari na mwembe uliosimama peke yake porini. Kila sehemu iwekee alama kwenye ramani ya simu hapohapo, ukiandika nani alikuonyesha.

Kwetu mahame yako majini. Baba mdogo alinipeleka ufukweni akanyoosha mkono. Mwaka 2006 ziwa lilipokauka kuliko alivyowahi kuliona, mji wa kwanza ulitokeza, na aliliona jiwe kubwa la kusagia limekaa palepale, tumbo lake limechimbika kwa kusagwa. Mwaka 2020 maji yalirudi juu kabisa. Nimeweka alama pale alipoonyesha, hatua kama arobaini kutoka ukingoni, na nimeiandikia jina la bibi yule.