Kufundisha gofu kwa michezo: hatua ninazofuata na wanafunzi wangu

Mpe mtu ndoo ya mipira na fimbo moja, mwambie apige mpaka iishe. Atapiga. Nusu ya ndoo haijafika macho yameanza kutangatanga, na inayobaki anaipiga ili tu iishe. Wengi wameiacha gofu hapo hapo, na si kwa ugumu wake. Walikosa mtu wa kuwapa mchezo.

Kwangu mimi raha si zawadi ya kumpa mwanafunzi baada ya kazi. Mchezo wenyewe ndio zoezi, mradi umeupanga ufundishe jambo fulani na uwe na namna ya kushinda na kushindwa. Hivi ndivyo ninavyoupanga.

Hatua ya 1: Chagueni jambo moja

Kabla ya yote muulize: mpira gani unakuudhi kuliko yote? Kisha mwache apige michache wewe ukiwa kimya. Utaona makosa manne au matano; chagua lile linalohusiana na jibu lake, mengine yaache. Mwanafunzi anayeshughulika na jambo alilolitaja mwenyewe hahitaji kubembelezwa.

Hatua ya 2: Anzieni kwenye grini

Grini ni eneo la nyasi fupi lenye shimo, ambako mpira unasukumwa taratibu. Par ni idadi ya mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji hodari; kwenye uwanja wa par 72, par yenyewe inakadiria mikwaju 2 ya kusukuma kwa kila shimo kati ya 18, yaani 36, nusu kamili ya hesabu yote. Tena hapa nguvu si kitu. Mtoto anaweza kumshinda baba yake kihalali, na siku akimshinda, utawaona wote wawili wakidai mzunguko mwingine.

Mchezo ninaoanza nao nauita Ngazi. Chomeka tii tano (vijiti vidogo vya kuwekea mpira) kwenye mstari mmoja, umbali wa hatua 1, 2, 3, 4 na 5 kutoka shimoni. Mchezaji anaanza na ya kwanza. Akiingiza, anarudi nyuma tii moja. Akikosa, anasogea mbele moja. Ana mipira 15, na namba ya kuandika ni mara ngapi ameingiza kutoka tii ya tano. Anayeanza anaweza kulenga tii ya tatu.

Mtazame anapofika tii ya nne. Aliyekuwa anapumua vizuri sasa anaharakisha, anausukuma mpira kabla hajatulia kwa miguu. Usimwambie atulie. Mwombe akuonyeshe kwa kidole mahali mpira utakapopita ukibakiza hatua moja kufika shimoni. Ili akujibu itabidi auangalie mteremko, na akishauangalia, haraka imekwisha yenyewe.

Kama tatizo lake ni kusukuma kwa woga, laza fimbo chini kama nusu mita nyuma ya shimo. Mpira ulioingia, pointi 2. Uliopita shimo ukasimama kabla ya fimbo, 1. Ulioishia njiani, sifuri, hata kama umebakiza upana wa kidole. Baada ya mizunguko michache mikono inajua nguvu inayotakiwa, nawe hujasema chochote kuhusu nguvu.

Hatua ya 3: Geuza maelekezo yawe kazi

"Usikunje kiwiko, zungusha nyonga, kichwa chini." Mtu akibeba yote hayo kichwani hawezi kupiga mpira. Utafiti wa Gabriele Wulf na wenzake, uliochapishwa 1999, ulitumia gofu yenyewe: wanafunzi walioelekeza mawazo kwenye mwendo wa fimbo walipiga kwa usahihi kuliko walioelekeza mawazo kwenye mikono yao. Kwa hiyo kila ninachotaka kurekebisha nakitafutia kitu cha kuonekana nje ya mwili.

Anayegonga ardhi kabla ya mpira, namlazia taulo ndogo kama sentimita 15 nyuma ya mpira. Kazi yake ni kupiga bila kuligusa. Anayesukuma mpira pembeni, namchomekea tii mbili nusu mita mbele, zikiachana upana wa mipira miwili, mpira upite katikati. Mpira unaanza safari kwa kufuata zaidi uso wa fimbo ulivyoelekea wakati wa kugusana, kwa hiyo anayetumia mkono wa kulia akigonga tii ya kulia, uso ulikuwa umefunguka, yaani umeelekea kulia. Mweleze hilo mara moja tu. Kuanzia hapo lango ndilo linalomsahihisha.

Hatua ya 4: Vuruga mpangilio

Hapa ndipo walimu wengi wanaogopa. Kupiga fimbo moja mfululizo kunampendeza mwanafunzi, maana mpira wa ishirini unaruka vizuri kuliko wa kwanza. Lakini uwanjani hakuna mpira wa ishirini. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walionyesha, kwa kazi ya mikono isiyo ya gofu, kwamba waliojifunza kwa kuchanganya kazi walifanya vibaya zaidi wakati wa mazoezi, lakini walipopimwa baadaye waliwazidi waliorudia kitu kimoja.

Basi chezeni mashimo ya kubuni hapo hapo kwenye uwanja wa mazoezi. Bendera mbili za mbali ndiyo feawei, njia ya nyasi fupi inayoelekea grini. Anapiga draiva, fimbo ya kupeleka mpira mbali zaidi. Ukiangukia kati yake, unampa fimbo ya chuma namba 7 na bendera ya kulenga. Ukitoka nje, yuko chini ya miti: lazima apige mpira wa chini, usiopanda kuliko kichwa chake. Kisha mpigo mfupi, kisha shimo jipya. Sheria ni moja, fimbo ile ile isipigwe mara mbili mfululizo.

Mwambie mapema kwamba atajiona amerudi nyuma, la sivyo atadhani unamharibia. Na asiyeweza bado kuugusa mpira sawasawa mwache kwanza arudie mipira mitano au sita ya aina moja. Huyo ukimvuruga mapema unamkatisha tamaa bure.

Hatua ya 5: Hesabu isimvunje mtu moyo

Mwaka 1932 Daktari Frank Stableford alianzisha kwenye klabu ya Wallasey, Uingereza, hesabu ya pointi ambayo naiona ndiyo rafiki wa kila anayejifunza. Par ni pointi 2, mkwaju mmoja juu ya par ni 1, mmoja chini yake ni 3. Kuanzia miwili juu ni sifuri, okota mpira uende shimo linalofuata. Shimo moja baya haliui siku nzima. Kwa anayeanza, ongeza mikwaju 2 au 3 kwenye par ya kila shimo, hiyo iwe par yake.

Adhabu za kupiga pushapu sizitumii, hata kwa watoto. Mtu anayeogopa kukosa hukaza mikono, na mikono iliyokaza haipigi gofu.

Hatua ya 6: Nendeni uwanjani mapema

Msisubiri swingi, yaani mwendo wa kuzungusha fimbo, ikamilike. Anzeni kila shimo mita 100 kutoka kwenye grini, au 50. Mkiwa kundi, wote wapige, mchague mpira uliokaa vizuri zaidi, wote wapige tena kutoka hapo. Hata aliye dhaifu kuna mpira wake utakaochaguliwa. Ila hapa usicheke na mtu: hakuna kuinua fimbo mpaka wote wawe nyuma ya anayepiga.

Mchezo ukimshinda mwanafunzi karibu kila mara, msogeze karibu. Akishinda kila mara, punguza lango au ongeza hatua. Andika namba zake kwenye daftari, na usimruhusu aondoke bila mchezo mmoja wa kucheza peke yake. Ngazi ya mipira 15 inatosha. Kipindi kijacho, kabla ya kumwona akipiga, muulize amepata ngapi.