Kupanga Magurudumu ya Mbele ya Gari la Mwendo Kasi: Kasta, Kemba na Tou

Kabla ya kugusa nati yoyote, inua sehemu ya mbele kwa jeki, uliegemeze gari juu ya stendi imara, kisha utikise kila gurudumu kwa nguvu, kwanza ukilishika juu na chini, halafu kushoto na kulia. Ukihisi gurudumu linacheza, tafuta bolijointi (kiungo chenye kichwa cha mviringo), beringi, bushi (mpira wa kwenye maungio) au tairodi (fito ya usukani inayogeuza gurudumu) iliyochakaa na uibadilishe, kwa maana hakuna kipimo kitakachodumu juu ya vifaa vilivyolegea. Ikiwa unakusudia kulishusha gari kwa springi fupi, fanya hivyo sasa, kwani kimo kikibadilika vipimo vyote hubadilika nacho.

Gari lipimwe likiwa katika hali litakayoendeshwa: upepo wa matairi uwe sahihi, tangi liwe na mafuta ya kiasi cha kawaida, na kiti cha dereva kibebe mtu au mzigo wenye uzito wake. Sakafu nayo ichunguzwe kwa pimamaji. Kwa gari ambalo matairi yake ya kushoto na kulia yameachana mita 1.5, tofauti ya milimita 5 tu sakafuni hupotosha usomaji wa kemba (mlalo wa tairi kwenda ndani au nje likitazamwa kutoka mbele) kwa takriban digrii 0.2, kiasi kinachotosha kukufanya urekebishe kosa ambalo halipo. Chini ya kila tairi la mbele weka vipande viwili vya bati laini vilivyopakwa grisi katikati, ili gurudumu liteleze kwa uhuru badala ya kung'ang'ania sakafu.

Anza na kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka linapokata kona, ukitazamwa kutoka ubavuni. Geuza gurudumu digrii 20 kuelekea nje usome kemba, kisha digrii 20 kuelekea ndani usome tena. Tofauti ya masomo hayo mawili ukiizidisha kwa 1.5 utapata kasta kwa ukaribu wa kutosha. Kasta kubwa hulifanya gari lishike mstari na huongeza kemba hasi kwenye gurudumu la nje wakati wa kona, ingawa usukani huwa mzito. Jambo la kuzingatia zaidi ni kushoto na kulia kulingana, la sivyo gari huvuta upande mmoja.

Kemba hufuata. Kemba ni hasi pale sehemu ya juu ya tairi inapoegemea ndani, na kwenye rimu ya inchi 17 kila digrii 1 ni takriban milimita 7.5 kati ya ukingo wa juu na wa chini. Kwa gari la barabarani, digrii 1 hadi 1.5 hasi zinatosha. Kwa uwanja wa mashindano wengi huanzia 2 hadi 3. Mimi ningemshauri anayeanza achague kiasi kidogo, kwa sababu kemba ikizidi hupunguza eneo la tairi linalogusa lami wakati wa kufunga breki, na hiyo ni hasara ambayo macho hayaioni.

Tou, yaani tofauti ya umbali kati ya kingo za mbele na za nyuma za magurudumu, hurekebishwa mwisho bila ubaguzi, kwa kuwa kila badiliko la kemba au kasta huivuruga. Funga usukani ukiwa katikati, tandaza nyuzi mbili sambamba na mstari wa kati wa gari kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu, kisha pima umbali kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ule wa nyuma. Legeza nati za kufungia, uzungushe tairodi zote mbili kwa kiasi sawa, na baada ya kila badiliko usukume gari mbele na nyuma ili springi zitulie. Tou ya nje, yaani kingo za mbele zikiachana zaidi kuliko za nyuma, ya milimita 1 au 2 kwa jumla huharakisha kuingia kona, lakini hulifanya gari litangetange kwenye barabara iliyonyooka na kula ukingo wa ndani wa tairi.

Kaza nati kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia) kulingana na kitabu cha gari, na bushi za mikono inayoshikilia magurudumu zikazwe gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake. Baada ya mizunguko kadhaa ya kasi, pima joto la tairi ndani, katikati na nje mara tu gari linaposimama. Ukingo wa nje ukiwa na joto zaidi, ongeza kemba hasi kwa digrii 0.5, wa ndani ukizidi wa nje kwa zaidi ya takriban nyuzijoto 10, ipunguze kwa kiasi hicho hicho, kisha upime tou upya.