Kusoma matangazo ya elimu ya ufundi ya Texas kabla mtoto hajachagua masomo

Kati ya Januari na Machi, shule nyingi za Texas huwapa wanafunzi fomu ya kuchagua masomo ya mwaka unaofuata. Mtoto huweka alama za vema, mzazi hutia saini, basi. Mimi ni mkalimani na mwunganishi wa familia na walimu katika wilaya moja ya shule kaskazini mwa jimbo hili. Wazazi ninaokaa nao mezani wengi wametoka Kivu, Kongo, na baadhi yao waliishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Marekani. Wanajua thamani ya fani. Wasichojua ni kwamba fani hapa hutolewa bure ndani ya sekondari ya kawaida, na kwamba masharti yake hubadilika kwa matangazo ambayo hayafiki nyumbani kwao. Mwongozo huu ni wa kuyafuatilia matangazo hayo na kuyatumia kwa faida ya mtoto.

Hatua ya 1: Jua nani anaamua nini

Elimu ya ufundi na kazi huitwa kwa herufi CTE. Fedha za serikali kuu huja kupitia sheria ya Perkins, ambayo toleo lake la tano lilitiwa saini Julai 31, 2018. Mwaka 2025 sehemu kubwa ya usimamizi wa fedha hizo kitaifa ilisogezwa kwenye Wizara ya Kazi, lakini kwa mzazi hilo halibadilishi mlango wa kugonga. Mlango ni wa jimbo, yaani Wakala wa Elimu wa Texas, TEA, wenye makao Austin. TEA ndiyo inayotangaza programu za masomo zinazotambuliwa, vyeti vinavyohesabiwa, na tarehe za mabadiliko kuanza. Chini yake kuna vituo 20 vya kanda vinavyozisaidia wilaya: Kanda ya 10 kwa Dallas na majirani zake, ya 11 kwa Fort Worth, ya 4 kwa Houston, ya 14 kwa Abilene, ya 16 kwa Amarillo. Wilaya yako huchagua ipi kati ya programu za jimbo itafundishwa katika shule gani.

Kwa hiyo ukiambiwa "programu hiyo haipo," uliza swali la pili: haipo Texas, haipo wilayani, au haipo katika shule hii tu? Kila jibu lina njia yake. Ikiwa iko katika shule nyingine ya wilaya, uliza kuhusu uhamisho na basi la wanafunzi. Wilaya kadhaa zina kituo kimoja cha ufundi ambako wanafunzi wa shule zote hupelekwa kwa nusu siku.

Hatua ya 2: Andika mwaka mtoto alipoingia darasa la 9

Uandike juu kabisa ya daftari lako, maana masharti mengi ya kuhitimu na ya programu hufuata mwaka huo. Texas iliweka programu zake za masomo za jimbo zima kuanzia mwaka wa shule 2020–2021, kisha ikazipanga upya kuanzia 2024–2025. Ndiyo maana kaka na dada wa nyumba moja wanaweza kuwa na mpangilio tofauti wa masomo ya fani ileile, na wote wawili wakawa sahihi. Tangazo lolote jipya likitoka, tafuta kwanza linamhusu aliyeingia darasa la 9 mwaka gani. Ukikuta si mwaka wa mwanao, usihangaike nalo.

Hatua ya 3: Fungua ukurasa na utafute vitu vitatu

Nenda tea.texas.gov, andika CTE kwenye sehemu ya kutafutia. Simu yako inaweza kutafsiri ukurasa kwa Kiswahili. Tafsiri si nzuri sana lakini inatosha kukuonyesha jambo liko wapi. Tarehe, namba za kozi na majina ya vyeti vihakikishe kwenye ukurasa wa Kiingereza wenyewe.

Tafuta karatasi ya programu ya fani mnayoitaka. Kwa kila programu TEA hutoa karatasi inayoonyesha kozi za ngazi ya 1 hadi ya 4, vyeti vinavyolingana nayo, na kazi zinazotokana nayo pamoja na makadirio ya mshahara. Kisha tafuta orodha ya vyeti vinavyotambuliwa na jimbo. Vyeti hivyo huitwa IBC, na orodha hupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa, vingine vikaondolewa. Mwisho, jisajili kupokea taarifa za TEA kwa barua pepe. Tumia anwani unayoifungua kweli, siyo ile mtoto aliyokufungulia ukasahau nywila.

Hatua ya 4: Hesabu kozi ndani ya programu moja

Hapa ndipo watoto wengi wanapopoteza miaka, na hakuna anayewakemea kwa sababu hawajafeli somo lolote. Mwanafunzi anasoma utangulizi wa afya darasa la 9, upishi darasa la 10, michoro ya kompyuta la 11. Ana krediti tatu, yaani alama za kozi alizomaliza zinazohesabiwa kuelekea kuhitimu, na hana fani.

TEA hupima hivi. Aliyemaliza kozi mbili au zaidi zenye krediti angalau 2 ndani ya programu ileile huhesabiwa kuwa amejikita katika programu. Aliyemaliza kozi tatu au zaidi zenye krediti angalau 4, ikiwemo moja ya ngazi ya 3 au ya 4, huhesabiwa kuwa ameikamilisha. Ngazi ya 4 mara nyingi ndiyo ya vitendo: kwenda hospitalini, kwenye karakana, kwenye eneo la ujenzi. Kozi hizo za juu huwa na masharti ya kozi zilizotangulia, na zile za vitendo huchukua vipindi viwili au vitatu kwa siku. Mtoto anayeanza darasa la 11 anaweza asiifikie ngazi hiyo kabisa.

Chukua karatasi ya programu na orodha ya matokeo ya mtoto, uziweke pamoja mezani. Weka alama kwenye alichomaliza. Kilichobaki ndicho mnachokwenda kudai kwa kaunsela.

Hatua ya 5: Chagua mchepuo, na usitie saini ya kuuacha

Mtoto anapoingia darasa la 9 anatakiwa kutaja kwa maandishi mchepuo wake, yaani mkondo wa masomo ambao shule huuita "endorsement". Ipo mitano: sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu (huu ni mmoja, STEM); biashara na viwanda; huduma za umma; sanaa na elimu ya jamii; na masomo mchanganyiko. Umeme, uchomeleaji na magari viko biashara na viwanda. Afya iko huduma za umma.

Wazazi wa Kongo hupata hofu hapa. Kule mtoto akishaingia seksyo, yaani mkondo wa masomo, ndiyo atakayoifanyia Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na kubadili ni shida. Texas mchepuo unaweza kubadilishwa wakati wowote. Kinachouma ni kozi ambazo hazitakuwa zimesomwa. Na mchepuo wa ufundi haumfungii mtu chuo kikuu. Mwanafunzi wa mchepuo wowote husoma Kiingereza, hesabu, sayansi na jamii kama wenzake, na hufanya mitihani ileile ya jimbo ya kuhitimu.

Mpango wa msingi wa kuhitimu ni krediti 22. Ukiwa na mchepuo ni 26, ikiwemo hesabu ya nne na sayansi ya nne. Baada ya darasa la 10, sheria inaruhusu mtoto kuacha mchepuo kwa ruhusa ya mzazi ya maandishi. Fomu hiyo ikiletwa nyumbani, usiitie saini jikoni ukiwa unakimbilia zamu ya usiku. Omba kikao na mkalimani kwanza. Wapo watoto ambao kweli inawafaa, hasa waliofika nchini wakiwa na miaka 17 na hesabu ya krediti inawabana. Lakini uamuzi huo ni wako na wa mtoto, na unapaswa kuelezwa kwa lugha unayoielewa.

Kwa huyo aliyefika akiwa mkubwa kuna jambo jingine: aliye chini ya miaka 21 tarehe 1 Septemba bado ana haki ya kuandikishwa shule ya umma Texas. Asiambiwe kwamba umri umempita akiwa na miaka 18.

Hatua ya 6: Kichunguze cheti kabla ya kukishangilia

Jimbo huzipa shule na wilaya alama za A hadi F, na sehemu ya alama ya sekondari inatokana na wahitimu walio tayari kwa chuo, kazi au jeshi. Kupata cheti cha IBC ni mojawapo ya njia za kuhesabiwa tayari. Maana yake shule ina faida yake katika cheti cha mwanao, na cheti kinachoifaa shule si lazima kimfae mtoto. Kwa miaka kadhaa vilipatikana vyeti vya siku chache ambavyo mwajiri haviulizi. TEA yenyewe imechukua hatua: imeviondoa baadhi kwenye orodha, na kwa awamu imeweka sharti kwamba cheti kiambatane na kozi za programu inayolingana nacho. Mimi naliunga mkono sharti hilo kwa moyo wote, kwa sababu linarudisha uzito kwenye mafunzo.

Mwulize mwalimu wa fani maswali haya, na uandike majibu. Cheti hiki kimo kwenye orodha ya sasa na kitakuwemo mwaka atakaohitimu? Nani analipia mtihani, na akishindwa mara ya kwanza nani analipia wa pili? Kinampa ruhusa ya kufanya kazi, au ni hatua tu kuelekea leseni?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Muuguzi msaidizi, ambaye wote tunamwita CNA, Texas anahitaji mafunzo ya saa 100, yaani 60 za darasani na 40 za kuhudumia wagonjwa, kisha mtihani wa jimbo. Akifaulu, anaweza kuajiriwa. Fundi umeme ana safari nyingine: kuanzia miaka 16 anaweza kuomba leseni ya mwanagenzi, lakini ya fundi kamili inadai saa 8,000 za kazi chini ya fundi mkuu pamoja na mtihani. Shule humwanzisha tu, na huo ni mwanzo mzuri sana. Ususi na urembo ni saa 1,000, ambazo hazitimii bila mahudhurio ya kila siku; mtoto anayebaki nyumbani kulea wadogo zake kila Ijumaa atazikosa. Kwa fani za afya uliza pia mapema kuhusu chanjo na kipimo cha kifua kikuu, kwani hospitali haimpokei mwanafunzi ambaye karatasi zake hazijakamilika.

Hatua ya 7: Tafuta nafasi kwenye ratiba

Ratiba ikijaa, fani ndiyo huondolewa kwanza. Kuna njia mbili za kuipatia nafasi.

Ya kwanza ni lugha. Kuhitimu kunahitaji krediti 2 za lugha nyingine, na Texas inaruhusu kupata krediti kwa mtihani. Uliza kama wilaya yako ina mtihani wa Kiswahili, au wa Kifaransa kwa mtoto aliyesoma Kongo. Akifaulu, vipindi vya miaka miwili vinaachwa wazi kwa kozi za ufundi. Mtoto lazima ajue kuandika pia, si kuzungumza tu, kwa hiyo mzoeze kuandika meseji za Kiswahili nyumbani kuanzia sasa.

Ya pili ni krediti za chuo wakati bado yuko sekondari. Tangu 2023 Texas ina mpango uitwao FAST: mwanafunzi aliyestahili chakula cha bure au cha bei nafuu wakati wowote katika miaka minne iliyotangulia anaweza kusoma kozi hizo bila ada katika vyuo vinavyoshiriki. Ndiyo sababu nawahimiza wazazi wajaze fomu ya chakula au ya kipato kila mwaka, hata kama shule inawalisha watoto wote bure.

Hatua ya 8: Usikubali Kiingereza kuwa kizuizi

Kila mwaka wilaya hutoa tangazo la kutobagua katika programu za ufundi. Lisome: linasema kwamba upungufu wa Kiingereza hautakuwa kizuizi cha kupokelewa wala kushiriki. Chimbuko lake ni miongozo ya haki za kiraia ya 1979. Sheria ya Perkins nayo inawataja wanaojifunza Kiingereza miongoni mwa makundi maalumu ambayo wilaya lazima ieleze inavyoyahudumia. Kozi za Kiingereza kwa wageni, ESOL ya 1 na ya 2, zinaweza kuhesabiwa badala ya Kiingereza cha 1 na cha 2, kwa hiyo mtoto hapaswi kuambiwa asubiri hadi "lugha iive" ndipo aguse mashine.

Ukiambiwa hivyo, tuma barua pepe fupi kwa kaunsela, nakala kwa mkurugenzi wa CTE wa wilaya. Unaweza kuandika kwa Kiswahili, waombe waitafsiri. Taja jina la programu, kozi anayoitaka, na uombe sababu ya kukataliwa kwa maandishi. Mara nyingi barua hiyo peke yake hurudisha mazungumzo mezani.

Hatua ya 9: Nenda kwenye kikao cha mahitaji ya wilaya

Angalau mara moja kila miaka miwili, wilaya inayopokea fedha za Perkins lazima ifanye tathmini ya mahitaji na ishauriane na wazazi, wanafunzi, waajiri na wawakilishi wa makundi maalumu. Viti vya wazazi huko mara nyingi hukosa watu. Mpigie mkurugenzi wa CTE umwulize kikao kijacho ni lini na umwombe mkalimani mapema. Nenda na ombi moja lililo wazi: basi la kituo cha ufundi lipite mtaa wenu, au karatasi za programu zitafsiriwe kwa Kiswahili. Waombe waliandike kwenye kumbukumbu za kikao, kisha Januari inayofuata uwaulize limefikia wapi.