Kiingereza cha mlimani: jinsi ya kukizoeza kinywa kwa maigizo ya watu wawili

Masika yakishika huku Moshi, kazi ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro inapungua. Aprili na Mei wageni ni wachache. Wagumu, yaani wabeba mizigo wa mlimani, wengi wanarudi shambani, wengine wanabaki mjini kusubiri Juni. Miezi hiyo mimi huitumia kwa jambo moja. Jioni tatu kwa wiki nakaa barazani na vijana sita au wanane, tunazungumza Kiingereza. Nasema kuzungumza, sisemi kusoma. Vijana hawa wamemaliza kidato cha nne, nyakati za vitenzi wanazijua, barua rasmi wanaandika. Lakini mgeni akiwauliza jambo njiani, neno linakwama kooni. Wanasema "yes", wanatabasamu, wanaongeza mwendo na mzigo wao kichwani.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilibeba mizigo miaka minne kabla ya kuanza kuongoza. Safari yangu ya kwanza kama msaidizi wa kiongozi tulilala Horombo, kambi ya njiani kwenda kileleni, nikamwambia mama mmoja Mjerumani kuwa chai ya asubuhi ni "one o'clock". Nilimaanisha saa moja. Yule mama alishasikia kwamba mlima hupandwa usiku, akaniamini. Usiku wa saa saba nikatoka kwenda haja, nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya kibanda, kavaa buti na glavu, kofia imefunika masikio, anasubiri chai kwenye baridi ya mita 3,720. Aliponiona akanyanyua saa yake mkononi kunionyesha kwamba hakuchelewa. Namba zote nilizijua tangu darasa la tatu. Nilichokosa ni kuzisema mbele ya mtu anayezitegemea.

Somo hili ni la kila anayesoma Kiingereza na kukielewa lakini hakisemi. Mifano ni ya mlimani kwa sababu ndiko nilipo. Wa hoteli, wa duka, wa zahanati, badilisha kulingana na kazi yako.

Hatua ya 1: Chagua tukio, si mada

Ukisema "leo tuongee kuhusu utalii", watu watanyamaza. Chagua kitu kidogo kinachotokea kweli. Mgeni kafika kambini, begi lake halijafika. Mgeni hataki kula. Mgeni anataka kujua kesho mnaamka saa ngapi. Zoezi la namna hii, kila mmoja akichukua nafasi ya mtu fulani, walimu huliita igizo dhima, na igizo zuri lina mtu mmoja anayehitaji kitu na mwingine aliye nacho. Bila uhitaji huo mazungumzo yanaishia kwenye salamu.

Hatua ya 2: Andika kadi mbili, na kila mmoja afiche yake

Hapa ndipo ningependa uweke nguvu zako nyingi. Watu wengi wanaandika mazungumzo mazima, A anasema hivi, B anajibu vile, kisha wanayakariri. Hayo ni mashairi. Siku mgeni akijibu tofauti na B wa kwenye karatasi, umekwisha.

Andika kadi kwa Kiswahili, fupi, na ndani yake weka siri. Igizo letu la kwanza kila mwaka ni hili:

Kadi ya kiongozi: "Ni jioni, mko Horombo. Mgeni wako hajamaliza supu. Kesho mnapanda kambi ya Kibo. Tafuta kujua kama yuko salama kuendelea."

Kadi ya mgeni: "Kichwa kinakuuma tangu mchana, na umetapika mara moja nyuma ya jiwe. Unaogopa kurudishwa chini kwa sababu umelipa pesa nyingi. Usiseme chochote mpaka uulizwe vizuri. Ukiulizwa 'Are you okay?' jibu 'I'm fine.'"

Kijana anayecheza kiongozi huanza na "Are you okay?" Anajibiwa "I'm fine", naye anageuka kututazama kana kwamba kazi imekwisha. Tunanyamaza. Hapo ndipo anapoanza kutafuta Kiingereza chake mwenyewe: amelala vipi, amekunywa maji kiasi gani, kwa nini supu imebaki, kichwa kikoje. Wiki iliyopita kijana mmoja asiyezungumza sana alikaa kimya muda mrefu, akaangalia bakuli, halafu akasema: "Your soup is full. Tell me why." Nilifurahi kupita kiasi. Sentensi zake ni za darasa la saba, lakini mgeni alikiri kila kitu.

Na jambo lenyewe si mchezo. Mlimani maumivu ya kichwa na kichefuchefu hutokea mara nyingi, lakini mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuhema sana hata akiwa amekaa, anashushwa palepale. Kiongozi asiyeweza kuuliza atayajua hayo kwa kuchelewa.

Hatua ya 3: Pasheni moto kinywa

Chagua maneno au vifungu kama kumi vya tukio la siku hiyo, mvitamke pamoja kwa sauti. Vifungu vizima, si neno moja moja: "How did you sleep?", "Since when?", "Show me where."

Halafu sauti. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina nyingi zaidi, kwa hiyo sisi tunazikusanya zao kadhaa kwenye "a" yetu moja. Sema "hat", "hut", "heart" na "hurt". Kwa wengi wetu zote nne zinatoka karibu sawa, na mlimani zote zina kazi: kofia, kibanda, moyo, kuumia. Simama mbele ya mwenzako, taja moja, yeye aguse kichwa, aonyeshe nyumba, ashike kifua, au akunje uso. Akigusa pasipo pale, rudieni mpaka mpatane. Dakika tano zinatosha.

Hatua ya 4: Chezeni dakika tano bila kusahihishana

Anayesahihisha katikati anaua igizo. Mtu wa tatu akae pembeni na daftari, aandike tu. Kiswahili kisitumike, ila mtu akikwama awe na pa kushika: "Say it again, please", au aelezee kitu kwa kazi yake. Hujui soksi? Sema nguo ya mguuni kabla ya buti. Kuzunguka neno usilolijua ni ufundi kamili, tena wazungumzaji hodari wanautumia kila siku.

Hatua ya 5: Sahihisheni makosa matatu tu

Mwenye daftari asome matatu, hata kama ameandika ishirini. Achague yale ambayo yangemfanya mgeni aelewe vibaya. Kwetu sisi mengi yanatoka kwenye Kiswahili chenyewe, na ukiyajua mapema utayasikia.

Hatari kuliko yote ni "yes" na "no" kwenye swali la kukanusha. Kwa Kiswahili nikikuuliza "Huumwi kichwa?" unajibu "Ndiyo, siumwi", au "Hapana, kinauma." Kiingereza ni kinyume. Mgeni akiulizwa "You don't have a headache?" akasema "No", maana yake hana. Wewe unasikia "hapana", unadhani anakataa maneno yako, yaani anaumwa. Akisema "Yes", unaandika kwamba ni mzima, kumbe anaumwa. Barazani tumekubaliana kutouliza swali la kukanusha kabisa. Tunauliza "Do you have a headache?" au, bora zaidi, "How is your head?", ambalo halijibiwi kwa "yes" wala "no".

La pili ni saa. Sisi tunahesabu tangu alfajiri, wao tangu usiku wa manane, na tofauti ni saa sita kamili. Usiku wa kilele, mnapoondoka kambi ya Kibo au ya Barafu kwenye saa sita usiku, ukisema "six" umeharibu safari ya mtu. Usitafsiri kichwani, angalia uso wa saa yako, soma namba iliyoandikwa.

Mengine nayataja haraka. "He" na "she" tunazichanganya kwa sababu "yeye" wetu ni mmoja. "Nasikia baridi" si "I hear cold", ni "I feel cold". Na ukiondoka kufuata maji, usiseme "I'm coming" kwa kufikiria "nakuja". Mgeni anaona mgongo wako unakwenda. Sema "I'll be right back."

Hatua ya 6: Badilishaneni, rudieni, punguzeni muda

Aliyekuwa mgeni awe kiongozi. Kisha badilisheni wenza, mcheze tena tukio lile lile. Wengi huona kurudia ni kupoteza muda, na mimi nasema ndipo ulimi unapolainika.

Kwa masimulizi tunatumia dakika nne, tatu, mbili. Chagua hadithi ambayo wageni huiulizia, kwa mfano kwa nini kilele cha mita 5,895 kinaitwa Uhuru. Msimulie mwenzako wa kwanza kwa dakika nne: Wajerumani walikipa jina la mfalme wao baada ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller kufika mwaka 1889, Desemba 1961, usiku nchi inapata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda akasimamisha bendera na mwenge pale juu. Mwenzako wa pili msimulie yote hayo kwa dakika tatu, wa tatu kwa mbili. Usikate habari, kata vigugumizi. Mara ya tatu utajisikia mwenyewe unavyotiririka.

Hatua ya 7: Rekodi mara moja kwa wiki

Kwa simu, dakika mbili, uitunze. Usiisikilize kila siku. Sikiliza ya kwanza na ya mwisho masika yakiisha.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo kaka. Mimi niko kijijini, Marangu juu, sina mwenza wa kuzungumza naye. Nifanyeje? (Mgumu, mwaka wa pili)*

Marahaba mdogo wangu. Tafuteni wawili mpigiane simu, hata dakika kumi usiku, kila mmoja na kadi yake. Simu inakufaa zaidi ya unavyodhani, kwa sababu huwezi kuonyesha kwa kidole. Salio likiisha, tumianeni sauti, lakini jibu mara ya kwanza bila kufuta na kurekodi upya. Siku usiyo na mtu kabisa, cheza wote wawili ukiwa njiani shambani, kwa sauti, si moyoni.

*Niko mapokezi hotelini, Nungwi. Meneja ananiambia ninapoongea na wageni naonekana mkali, na mimi sina ukali wowote. Tatizo nini?*

Dada yangu, pengine si tabia yako, ni tafsiri. Kwa Kiswahili unasema "naomba pasipoti", adabu iko ndani ya "naomba". Ukiihamisha inakuwa "Give me your passport", na "naomba" imebaki nyuma. Kiingereza huweka adabu kwenye umbo la swali: "Could I see your passport, please?" Andika mambo matano unayoomba kila siku, yageuze yote kuwa maswali, halafu igiza na mwenzako aliyepewa kadi ya mgeni aliyechoka, ndege yake imechelewa na chumba hakijawa tayari. Fanya hivyo mpaka swali litoke lenyewe hata ukifokewa.

Na jihadhari na "pole". Mgeni akijikwaa ukisema "sorry", wengine watakujibu si kosa lako. Hawakukatai, hawana neno la pole kama letu. Ongeza "Are you hurt?" wataelewa.

*Sisi wenzetu wanatucheka tukikosea.*

Barazani kwetu anayecheka kosa ndiye anayecheza zamu inayofuata. Na mimi mwenye somo ndiye ninayeanza kila jioni, makosa yangu yanaandikwa kwenye daftari kama ya wengine.

*Nafundisha kidato cha kwanza, wanafunzi 70, kipindi dakika 40. Wametoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili, sasa kila somo ni Kiingereza. Maigizo yatawezekana vipi?*

Mwalimu, usiwaite mbele wawili wawili. Jozi ni 35. Ukizipitisha zote mbele, kila jozi inapata kama dakika moja, wengine 68 wamekaa kimya. Wageuze kwenye madawati, jozi zote zizungumze kwa wakati mmoja dakika tano. Kutakuwa na kelele, wajulishe walimu wa jirani mapema. Kadi huhitaji kuchapa: andika siri ya A ubaoni huku akina B wamefumba macho, futa, kisha geuza. Wewe tembea katikati ukisikiliza, andika makosa matatu ya darasa zima. Kwa watoto hao anza na matukio ya shuleni: kalamu imepotea, nimechelewa kwa sababu ya mvua, naomba ruhusa niende zahanati. Haya watayahitaji kesho yake asubuhi.

*Nijifunze kutamka kama Mwingereza au Mmarekani?*

Wageni wengi ninaowaongoza ni Wajerumani, Wafaransa, Waholanzi, nao pia Kiingereza wamekisoma kama wewe. Lafudhi yako ya Kichaga haiwasumbui. Kinachowasumbua ni namba. "Fifteen" na "fifty": ya kwanza ikaze mwishoni na uivute, ya pili ikaze mwanzoni na uikate. Usiku wa kilele mtu akikuuliza bado dakika ngapi kufika Gilman's Point, kule kwenye ukingo wa juu, amechoka, upepo unapiga, tofauti ya hizo mbili ni kubwa mno kwake. Kwa hiyo sema namba, halafu itaje tena tarakimu moja moja, "fifteen, one five", na umuoneshe vidole vya glavu.