Kupeleka wanafunzi siku ya kufungua mwamba wa pweza: unavyopanga hatua kwa hatua

Walimu wenzangu wa baolojia na jiografia, kama mpo Unguja au Pemba, au hata Dar na hela ya boti ipo, hii safari msiiache. Kwa asiyejua, kuna vijiji huku Zanzibar, Kisiwa Panza kule Pemba ni kimojawapo, vinafunga sehemu ya mwamba kama miezi mitatu hivi, pweza haguswi, halafu siku ya kufungua inakuwa sherehe kabisa, ngoma inapigwa, wakubwa wanahutubia, wachuuzi wamekaa na mizani zao, na kijiji kizima kipo baharini. Utaratibu wenyewe ulianza kuvuma kutoka Andavadoaka, Madagaska, walikofunga mwamba mwaka 2004.

Hatua ya 1: Tarehe anatoa bahari

Kalenda ya skuli weka pembeni kwanza. Mwamba hufunguliwa kwenye bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maana ndipo maji yanakauka sana na akina mama wanachokoa kwa miguu bila kuzamia. Huku kwetu bamvua maji hukauka kwenye saa nne saa tano asubuhi, kwa hiyo saa mbili muwe mshafika kijijini, sio ndo mnatoka skuli. Mkija saa saba mtakuta maji yanajaa na pweza wengi washapakiwa kwenye barafu, mtakula wali mrudi.

Hatua ya 2: Sheha na kamati ya wavuvi

Barua kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali pale kijijini, simu kwa mwenyekiti wa kamati ya wavuvi, na hili lifanyike mapema kwa sababu tarehe wanapanga wao na wanaweza kuisogeza. Waulize watoto wakanyage wapi, mizani itakaa wapi, na nani atawaongoza. Na tafadhali sana, msiwaachie watoto waingie mwambani kabla ya wenyewe. Watu wamekaa miezi mitatu bila kugusa pale, wengine ni kitoweo chao hicho na ada za watoto wao, sasa mgeni akitangulia kwenye tundu la mtu mtasikia maneno na mtastahiki.

Hatua ya 3: Wazazi, usafiri, mavazi

Hapa sina mengi. Fomu ya ruhusa, kosta ya kukodi, mchango, grupu la wasap la wazazi. Nguo za stara, na picha mnaomba kwanza. Mimi sipeleki zaidi ya darasa moja, tena nawagawa makundi madogo madogo, maana miguu mia juu ya matumbawe ni uharibifu tu hata kama mmekuja kusoma uhifadhi.

Hatua ya 4: Miguu

Viatu vya kufunga, ndala hapana, zinabaki kwenye tope. Kuna viumbe wa mwambani wa miiba mieusi mirefu na kuna samaki taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, amejifukia mchangani, kwa hiyo watoto waburure miguu wasiinue, taa akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe. Beba chupa ya chai yenye maji ya moto, akichomwa mtu mguu unaingia kwenye maji ya moto kadiri anavyovumilia (mwalimu ujaribu kwa mkono wako kwanza usimuunguze), halafu kituo cha afya.

Hatua ya 5: Tundu

Muombeni bibi mmoja mzoefu awaonyeshe, wanapenda kufundisha ukiwaomba vizuri. Pweza haonekani, kinachoonekana ni mlango: vimawe vimesogezwa pamoja, maganda ya kaa na chaza yametupwa nje. Bibi anaingiza chuma taratibu, anachezesha kidogo, mara mkono mmoja unatoka unakizunguka chuma, wa pili, halafu anavuta na pweza anabadilika rangi palepale mkononi, kahawia, mweupe, madoa. Watoto wakae kimya hapo, maswali baadaye. Na vidole mbali na mdomo, una makali kama wa kasuku.

Hatua ya 6: Mizani, na hapa ndipo safari ilipo

Skuli nyingi wanapiga picha wanaenda kula. Nyie kaeni pembeni ya mizani na daftari lenye safu nne: uzito, dume au jike, aliyemvua ametembea au amezamia, na bei. Dume mnamjua kwa mkono wa tatu wa kulia, ncha yake haina vile vikombe vya kunatia. Jike anataga mara moja tu, anayalinda mayai mpaka yaanguliwe, halafu anakufa. Pweza huyu anaishi kama mwaka na kidogo na anakua haraka mno, ndo maana miezi mitatu inatosha kuona tofauti kwenye mizani, wakati samaki kama changu ungemfungia miezi hiyohiyo usingeona kitu. Bara sheria inakataza pweza wa chini ya gramu 500, waambieni wahesabu wangapi wako chini ya hapo.

Hatua ya 7: Jikoni

Nunueni mmoja mkubwa, mpimeni mbichi. Apondwe vizuri, akatwe, aingie sufuriani bila maji, atatoa yake mwenyewe mengi tu. Akilainika mtoeni mumpime tena kabla ya tui, watoto watashangaa karibu nusu ya uzito imeondoka. Halafu tui zito, ndimu mwishoni, wali.

Hatua ya 8: Baada ya wiki mbili

Chati mchore darasani na nakala mpelekee kamati, wengi huja wanachukua taarifa na hawarudishi. Halafu mpigie mwenyekiti umuulize pweza wa sasa wana uzito gani. Siku ya kufungua kila mtu anavua na majirani wanakuja, mwamba mwingine unakombwa siku mbili tu, kwa maoni yangu huo ndo udhaifu mkubwa wa mpango huu. Namba zake ziwekeni kwenye chati ileile, pembeni ya zile za siku ya sherehe, na darasa lijadili mwamba ufunguliwe kwa siku ngapi.