Brusela ikiingia kwenye mifupa: vipimo, dozi na makosa ya kuepuka

Mfugaji wa Kiruhura au Nakasongola, Uganda, anaumwa kiuno wiki tatu, homa inapanda jioni, usiku jasho linalowesha shuka. Kwa kawaida hupewa dawa ya malaria, kisha panadoli, kisha anaambiwa apunguze kazi. Kama anakunywa maziwa mabichi, au amezalisha ng'ombe bila glavu, aombe mapema kipimo cha brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo.

Angalia panapouma. Kijana huumwa upande mmoja, pale nyonga inapoungana na uti wa mgongo, na akisimama kwa mguu mmoja tako linachoma. Mtu mzima huumwa pingili za chini za kiuno. Mtoto huchechemea kwa sababu ya goti au nyonga.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na likakataa kukunjika, hiyo ni dharura, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, na gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) huanza kuharibika ndani ya siku chache. Maji ya kiungo yavutwe kwa sindano kabla ya antibiotiki. Haraka ni ileile miguu ikifa ganzi au mkojo ukishindwa kuzuilika.

Kipimo cha Rose Bengal hutoa jibu kwa dakika chache, lakini jibu chanya peke yake halitoshi: linaweza kuwa la maambukizi ya zamani, au la bakteria mwingine anayefanana na brusela. Omba kipimo cha mirija, kinachopima wingi wa kingamwili kwenye damu. Kiwango cha 1:160 au zaidi, pamoja na dalili, ndicho chenye uzito. Damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kabla ya dawa, na maabara waambiwe kwamba brusela inashukiwa, maana vimelea hivi huambukiza wahudumu kwa hewa. Eksirei ya wiki za mwanzo inaweza kuonyesha mifupa mizima kabisa, kwa hiyo isikutulize.

Kabla ya matibabu, kifua kikuu cha uti wa mgongo kichunguzwe. Streptomaisini na rifampisini ni dawa za kifua kikuu pia. Zikitumika bila mpango wake kamili, mgonjwa anapata nafuu ya muda huku TB ikizoea dawa.

Dozi ya kawaida ya mtu mzima, kwa maelekezo ya daktari, ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa wiki 6, pamoja na sindano ya streptomaisini gramu 1 kila siku kwa wiki 2 hadi 3. Uti wa mgongo ukishashikwa, vidonge vya doksisaiklini viendelee wiki 12 au zaidi. Dawa moja peke yake hurudisha ugonjwa. Wanaorudiwa wengi ni wale walioacha vidonge homa iliposhuka.

Doksisaiklini imezwe kwa bilauri nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa, la sivyo inachoma koo. Isimezwe pamoja na maziwa (kwa mfugaji hili ni gumu kuliko sindano), maana dawa haiingii vizuri mwilini. Masikio yakivuma au kizunguzungu kikianza, rudi hospitali kabla ya sindano ya streptomaisini inayofuata. Wajawazito na watoto walio chini ya miaka 8 wana mchanganyiko wao, aghalabu rifampisini na kotrimoksazoli kwa uzito. Rifampisini hupunguza nguvu za dolutegravir (dawa ya VVU) na vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo mtajie daktari dawa zote unazotumia.

Moshi wa kufukizia kibuyu cha maziwa hauui brusela, na kugandisha maziwa yawe mtindi hakuaminiki. Yachemshe mpaka yapande, ukiyakoroga, kabla ya kuyafanya mtindi au kutoa siagi. Ng'ombe akitupa mimba, mtenge, mwite daktari wa mifugo. Kondo la nyuma lishikwe kwa glavu, lichomwe au lifukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawalifukui.