Kuchavusha muhogo kwa mkono ili kupata aina mpya

Muhogo hupandwa kwa pingili, kwa hiyo shamba la aina moja ni mmea uleule uliojirudia. Anayetaka aina mpya lazima arudi kwenye ua. Pale Amani, Tanga, watafiti walianza miaka ya 1930, wakaupandisha muhogo na jamaa yake wa msituni, Manihot glaziovii, kusaka kinga dhidi ya batobato, ugonjwa wa virusi unaoshambulia majani ya muhogo.

Hatua ya 1. Chagua mmea utakaokuwa jike, unaopendwa kwa ladha, na mwingine utakaokuwa dume, wenye kinga. Maua hutoka pale shina linapotoa matawi, hivyo aina isiyotoa matawi itakuchelewesha. Panda dume kwa awamu mbili au tatu ili maua yakutane.

Hatua ya 2. Kwenye kishada kimoja, maua jike yako chini na hufunguka wiki moja hadi mbili kabla ya madume ya juu. Huna haja ya kukata maua dume, lakini nyuki huleta chavua kutoka kishada cha jirani. Asubuhi, funika vitumba jike vilivyonenepa kwa mfuko wa bafta. Ukichelewa hadi ua lifunguke, liache. Baba yake hutamjua kamwe.

Hatua ya 3. Saa sita hadi saa nane mchana, chuma maua dume yaliyofunguka siku hiyohiyo na uyaguse kwenye stigma, sehemu ya ua jike inayopokea chavua, mpaka uone chavua imenata. Dume moja hutosha majike mawili au matatu. Ukibadilisha dume, nawa mikono kwa spiriti. Lebo iandikwe kwa penseli, maana wino hufutwa na mvua: jike kwanza, kisha dume, kisha tarehe.

Hatua ya 4. Tunda likishika, livishe mfuko wa wavu. Hukomaa baada ya siku 70 hadi 90, kisha hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu. Lina vyumba vitatu, yaani mbegu zisizozidi tatu. Mara nyingi utapata moja tu kwa kila ua ulilochavusha, au hata pungufu.

Hatua ya 5. Otesha kwenye udongo wenye joto la nyuzi 30 hadi 35. Kwenye baridi mbegu hulala. Kila mche ni tofauti, hata iliyotoka tunda moja. Ipeleke penye ugonjwa na inzi weupe wanaoueneza, la sivyo utachagua mmea ambao haujajaribiwa. Kutoka hapo hadi aina ya kumpa mkulima, hesabu miaka 8 au zaidi.

Maabara hutumika pale unapotaka kuongeza sifa moja bila kuvuruga ladha. Bakteria wa Agrobacterium huingiza kipande cha jeni ya virusi vya michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa muhogo, ndani ya chembe za muhogo, na mmea hujifunza kukatakata RNA, yaani maagizo ya kijeni, ya virusi hivyo. Kasoro kubwa ilionekana kwenye aina ya TME 204: miche iliyokuzwa upya kutoka kwenye chembe ilipoteza kinga yake ya batobato, hata ile isiyowekewa jeni yoyote. Kwa hiyo pima batobato kwenye kila mche wa maabara, na ukikuta kinga imetoweka, rudi hatua ya 1 uutafutie dume wa kuirudisha.